Pedi ya Mtoi

Kwa base ya gemu ya mtaa wetu kuna benchi mbili, TV mbili na pedi tano. Nne ziko fiti. Ya tano ni ya PlayStation 2, ile ya kitambo ya waya, na waya yake inaingia nyuma ya meza ya TV halafu inaishia hapo hapo kwa vumbi. Hiyo pedi ina kazi moja tu: kunyamazisha watoi.

Venye inaendanga ni hivi. Jumamosi mathe ameenda soko, amemwachia mtoi brathe yake. Brathe ameshalipa mbao ya mechi, hataki stori za mtu. Mtoi anaanza, "na mimi, na mimi." Mwenye base hata haangalii nyuma. Ananyosha mkono chini ya meza, anatoa ile pedi, anaipanguza na shati, anampea kwa heshima ka mtu anakabidhi funguo za gari. Mtoi kimya. Anabonyeza. Msee wa jezi nyekundu anakimbia kwa skrini, na mtoi anajua kabisa ni yeye anamkimbiza. Bao ikiingia anaruka juu ya benchi. Ikiingia upande wa pili anakasirika, anasema vidole viliteleza.

Hiyo kitu nimeicheka miezi mob. Halafu usiku mmoja, saa nane, niko kwa keja, simu iko juu ya uso, kidole kinapandisha video ya mia sijui ngapi, kuna msee anaosha kapeti na maji ya presha. Mimi sina kapeti. Hapo ndio nilijiuliza waya yangu inaishia wapi.

Kuna mabuda wawili, Thomas Sheridan na William Verplank, walikuwa MIT huko Marekani. 1978 walitoa ripoti kuhusu mashine za kupiga kazi chini ya bahari, mahali msee hawezi shuka mwenyewe. Swali lao lilikuwa hili: mtu ako juu kwa meli, mashine iko chini kwa giza, sasa nani anaamua? Wakachora ngazi ya levo kumi. Levo ya kwanza mtu anajifanyia kila kitu. Levo ya kumi mashine inaamua yote na mtu haulizwi. Stori yenyewe iko hapo katikati, na sikuishika hadi nilipoiweka kwa lugha ya mat.

Levo ya kwanza ni mguu. Kutoka tao hadi mtaa unajipeleka, kona ni zako, viatu ni zako. Levo ya pili umefika steji na unaonyeshwa mat zote zenye ziko. Ya tatu zinapunguzwa, "hizi mbili ndio zinatoka sai." Ya nne konda mmoja ameshakushika mkono anakwambia yako ni hii. Ya tano bado anangoja ukubali ndio akusukume ndani. Ya sita ndio noma. Dere ameona jam, ameamua anapitia njia ya nyuma, na kukataa kwako kuna sekunde zake: ka hujaitisha kushuka kabla ya kona, umebebwa. Ya saba ameshakata kona, ndio konda anageuka, "wa pale kwa kanisa mtashukia mbele." Ya nane unaambiwa ukiuliza. Ya tisa unaambiwa konda akiskia kukwambia. Ya kumi ngoma iko juu, konda ananing'inia nje ya mlango, unagonga dirisha na sarafu hadi mkono unauma, na nganya inaenda mahali roho yake inapenda.

Cheki sasa. Hiyo nganya ya levo ya kumi ndio iko na skrini kila kiti, taa za disko, mchoro hadi kwa tairi. Imekupea vitu za kuangalia, vitu za kugusa, hata namba ya kuombea ngoma. Kitu moja tu haijakupea ni kuisimamisha. Na kuna zile mat za wazee, viti vimeshonwa na nailoni, hakuna redio, lakini kengele inalia na dere anashika breki. Mimi nikiwa na haraka naingia ya wazee. (Nikiwa na dem naingia nganya, tusidanganyane.)

Ndio maana huwa nacheka nikiskia msee akisifu apu ati unaweza fanya kila kitu nayo. Mabatani mingi hayaonyeshi uko levo gani. Chenye kinaonyesha ni batani moja, na kawaida ndio ndogo kuliko zote: ya kusimama, ama ya kurudi.

Chukua kabambe. Ile simu ya batani, mulika mwizi, chaji inakaa wiki. Piga *334# na ikuletee M-Pesa kwa maandishi matupu. Hakuna rangi, hakuna picha, ukurasa mmoja haubebi hata herufi 200. Moja tuma pesa, mbili toa pesa, unashuka hivyo namba kwa namba. Ukikawia inakukatia, unaanza upya, unatusi. Kwa macho ya dizaina wa kisasa hiyo ni kitu ya makumbusho. Lakini angalia nani anasonga. Hakuna mahali hiyo menyu inaenda bila kidole chako. Haikuletei kitu hujaitisha. Ukimaliza inanyamaza, inakuwa simu tena. Gûka yangu ako shags, hajawahi shika simu ya tachi, na kwa hiyo kasimu kake yeye ndio bosi kuliko mimi na hii yangu ya thao kumi na nane.

Na kuna kitu kwa hiyo M-Pesa nadhani inafaa kufundishwa darasani: Hakikisha. Mwezi uliopita nilikuwa namtumia mathe punch mbili za gesi. Niko ndani ya mat, mkono mmoja kwa chuma, namba naijua kwa kichwa, najiamini ka mjinga. Nikaweka pin. Jina likatokea, na halikuwa la mathe. Lilikuwa la mzee fulani wa majina matatu, wa heshima kabisa kwa kuliskia, na hatujawahi onana. Simu inakwambia pesa inaenda kwa huyu, na ukitaka kusimamisha, jibu na herufi ama namba yoyote, sasa hivi. Moyo ulipiga ka spika ya nganya. Nilibonyeza kitu, hata sijui ilikuwa nini, nikatuma. Ikasimama. Nilikuwa nimegeuza namba mbili za mwisho.

Sasa hiyo ni levo gani? Kwa ngazi ya wale mabuda ni ya sita: mashine imeshaanza safari, wewe una muda kidogo wa kukataa. Levo ile ile ya dere kukata kona. Tofauti iko kwa venye hizo sekunde zimewekwa. Hapa mashine imepunguza mwendo makusudi, imekuonyesha kitu moja yenye hukuwa unajua, jina, halafu imekuachia breki yenye hata mtu amepanik anaweza kanyaga. Herufi yoyote. Hawakusema "andika SIMAMISHA kwa herufi kubwa bila nafasi." Msee mwenye alifikiria hiyo "yoyote" anajua mkono wa mtu ukiogopa unakuwanga aje. Na ukichelewa kabisa bado kuna mlango wa nyuma, unaipeleka ile meseji kwa 456 unaomba irudishwe, na unaomba Mungu huyo mzee asiwe ameshatoa.

Geuza hiyo levo ya sita uone venye inaweza kukugeuka. Netflix: kipindi kinaisha, majina yanaanza kupanda, kwa kona kuna kitu inajaa polepole. Ukikaa kimya, kingine kimeanza. Kukataa ndio kazi, kukubali hakuhitaji hata kidole. Hizo sekunde hazikuwekwa ndio ufikirie. Ziliwekwa zipite.

Na kuna fidi yenye haina hata hizo sekunde. Kitambo, kurasa zilikuwa na mwisho. Unafika chini, kuna namba, 1, 2, 3, unaamua ka unaendelea ama unaenda kuosha vyombo. 2006 dizaina mmoja anaitwa Aza Raskin akatoa ile mwisho, ukifika chini chini inaongezeka yenyewe. Alikuwa anajaribu kukuokolea kubonyeza, hakuwa mwovu. Mbuyu yake, Jef Raskin, ndio alianzisha mradi wa Macintosh pale Apple, na aliandika kitabu kizima kuhusu mashine kuwa na utu. Miaka ilipita kijana akasimama mbele ya watu akasema anajuta. Unaona, hakuongeza kitu. Aliondoa tu mahali pa kusimama, na hiyo peke yake ilitosha kuhamisha usukani.

TikTok ikachukua hiyo ikamalizia. Unaifungua, video tayari inacheza, hukuchagua. Unaweza kupenda, kuandika, kutuma, kubandika uso wako kando ya uso wa msee mwingine. Kwa kuhesabu vidole hiyo ni apu yenye inakusikiza kuliko zote ushawahi shika. Lakini kila ukigusa unaipa habari, haimaanishi unaipa amri. Umekaa sekunde mbili zaidi kwa video ya kapeti, imeandika: huyu ni wa makapeti. Hujawahi sema unapenda kapeti. Ni ka kuingia hoteli, umetazama tu sahani ya jirani, ukirudi kesho matumbo iko mezani inakungoja.

Kati ya M-Pesa na TikTok kuna zile za kukupea usukani nusu. WhatsApp, mwisho wa 2017, ikaleta kufuta meseji kwa wote. Kwanza ulikuwa na dakika saba, baadaye wakarefusha. Kila msee mtaani alisema wokovu umefika. Halafu unafuta, na pale mahali ilikuwa kunabaki kaburi na maandishi: meseji imefutwa. Dem anaona kaburi. "Ulikuwa umeandika nini?" Hakuna. "Hakuna gani?" Heri ungeacha ile meseji yenyewe. Mimi bado naona ni haki yake kujua kitu ilikuwa hapo, lakini usiniulize hivyo saa sita usiku.

Sasa turudi kwa pedi iliyokufa, juu iko na ndugu zake wakubwa. New York kuna mabatani ya kuvukia barabara, unabonyeza unangoja taa ya waenda kwa miguu. 2004 gazeti la New York Times likaandika kwamba kati ya mabatani 3,250 hivi ya huo mji, zaidi ya 2,500 yalikuwa hayafanyi kitu. Taa zilikuwa zimeshapewa kompyuta kitambo, kuyang'oa kulikuwa na gharama, yakaachwa. Watu wazima wa suti, kila asubuhi, wanabonyeza. Taa inabadilika saa yake imefika, na msee anavuka akijua amefanya kazi. Huku kwetu lifti za tao zina ile batani ya kufunga mlango, imebonyezwa hadi rangi imetoka. Mimi sijui ngapi zinafanya, ila nimesimama kwa moja miaka mitatu ya kibarua na nakuapia ule mlango ulikuwa unafunga ukiskia.

Kwa nini basi batani iliyokufa inatuliza? Profesa mmoja, Ellen Langer, aliandika 1975 kuhusu hiyo ugonjwa. Aliuza tiketi za bahati nasibu za dola moja kwa watu wa ofisini. Wengine walichagua tiketi wenyewe, wengine wakapewa tu. Baadaye wakaulizwa ungeuza yako pesa ngapi. Wale wa kupewa walitaka kama dola 1.96 kwa wastani. Wale wa kuchagua walitaka 8.67. Tiketi ni zile zile, chansi ni ile ile. Kidole chao tu ndio kilikuwa kimegusa.

Kuna beshte yangu ningempea hiyo karatasi ya Langer aisome polepole. Yeye ni wa kandege. Unajua kandege: kanapaa kwa skrini, namba inapanda nako, moja nukta mbili, moja nukta tisa, tatu, na wewe unashikilia batani ya kutoa. Ukibonyeza kabla kapotee, unakula mara hiyo namba. Kakipotea kwanza, umeliwa. Hiyo batani si pedi ya mtoi, inafanya kabisa, ukibonyeza pesa inatoka. Ndio maana ni hatari kuliko zingine zote. Inakupea usukani wa kitu kimoja, kushuka, na inakufanya uamini una usukani wa kitu ingine, safari. Kandege kanapotea mahali hesabu ya mashine imesema, na kidole chako hakimo kwa hiyo hesabu. Lakini beshte yangu ana mtindo. Anakaa upande fulani wa kitanda. Anabonyeza na kidole cha pete. Akiliwa anasema, "nilichelewa kidogo," hasemi niliibiwa, hasemi bahati mbaya. Nilichelewa. Kama tu yule mtoi na vidole viliteleza.

Ningekuwa mtu wa kulia ningeishia hapo, lakini kuna upande mwingine wa hii stori, na ni wetu. Saa zingine mashine inakupea usukani mdogo kabisa na wewe unauvunja unajenga wako.

Kitambo kupiga simu ilikuwa mali. Msee hana kredo, anafanya aje? Anaflash. Inalia mara moja, anakata. Tanzania wanaita kubipu. Hiyo simu ilitengenezwa na wahandisi ibebe sauti, na watu wakaipakia maana bila sauti: mara moja nimefika, mara mbili nishukie chini, na kwa dem usithubutu kuflash hata siku moja, utaachwa. Kulikuwa na sheria kabisa, nani anaruhusiwa kumflash nani. Kampuni haikuandika hata moja. Mtafiti Jonathan Donner alikuja kuziandikia karatasi 2007, na sisi tulikuwa tumeshazikariri.

Hata M-Pesa yenyewe haikuzaliwa venye unaijua. Majaribio ya 2005, Safaricom wakiwa na Faulu, yalikuwa ya watu kulipia mikopo yao midogo na simu. Hiyo ndio ilikuwa menyu. Watu wakapewa simu, wakaangalia, wakaanza kutumiana doh wao kwa wao, na wengine wakatumia ka benki ya kubeba pesa safarini bila kuonekana. Ilipozinduliwa Machi 2007, ule mkopo ulikuwa umekaa kando na neno kubwa lilikuwa kutuma pesa nyumbani. Yaani wale watu wa majaribio walikuwa wamewekwa kwa kiti cha abiria, na wakakata kona.

Hakuna namba ya hiyo kwa ngazi ya Sheridan na Verplank. Ngazi yao inauliza mashine imekuachia kiasi gani. Haiulizi umeinyang'anya kiasi gani.

Jumamosi iliyopita nilikuwa base. Mechi ni moto, mimi na brathe ya mtoi ndio tunacheza, ako chini bao moja, dakika za mwisho, na mtoi ako kando yangu na pedi yake, jasho, ulimi nje. Halafu akaanza kubana miguu. Alikuwa anataka kususu. Nikaona akili inapiga hesabu: hawezi acha timu. Akatafuta ile batani ya katikati, ya kusimamisha mechi, akaibonyeza na kidole gumba.

Mechi ikaendelea.

Akabonyeza tena, na nguvu. Wasee wa jezi nyekundu wanakimbia tu. Akaangalia pedi. Akaangalia skrini. Akashika waya na mkono, akaifuata polepole, chini ya benchi, nyuma ya meza, kichwa ikapotea huko, ikabaki matako tu nje. Alitoka ameshika ile ncha, imefunguka ka nywele, vumbi hadi kwa kope. Hakulia. Alikuja akasimama mbele yangu, akaweka pedi yake kwa mapaja yangu, akanyosha mkono kwa yangu.

Nikampea. Nilikuwa mbele ya goli, kipa ameanguka. Akaangalia vizuri, akabonyeza katikati, skrini yote ikaganda, base nzima ikapiga kelele. Brathe yake akasimama na ngumi. Mtoi akaweka pedi chini kwa benchi, taratibu, akatoka nje kususu.